Ndiyo Bosi, Sitaki Mama

Nyumba yetu ina watu wanne, na mwenye uhuru wa kukataa ni mmoja tu. Hana mshahara, hana kitambulisho cha NIDA, nepi ameachana nayo juzijuzi na hata na poti bado hawajaelewana vizuri. Lakini akishasema "sitaki", kikao kimefungwa. Sisi wengine watatu, wenye simu janja na madeni, kazi yetu ni kusema "sawa".

Anaanza kabla jua halijatoka. Tunaokaa Mbezi na kufanya kazi Posta hatuna alfajiri ya kuchezea. Ukizubaa dakika kumi nyumbani, Barabara ya Morogoro itakudai saa nzima. Yeye hilo halimhusu. Vaa shati. Sitaki. Haya, vaa hili lenye picha ya gari. Sitaki. Unataka nini basi, baba? Sweta. Dar es Salaam, mwezi wa Januari, watu wanalala sakafuni kutafuta ubaridi, mtoto anataka sweta. Ukimvalisha, hataki. Ukimvua, analia mpaka jirani anagonga ukuta. Uji wa lishe anaukagua kwa jicho la afisa forodha aliyeletewa kontena lisilo na karatasi, halafu anausukuma. Jaribu kuumwaga sasa. Hapo ndipo utakapojulishwa kwamba uji ule ulikuwa wake na umemdhulumu. Juzi tulipitwa na basi la mwendokasi, akalia akitaka nilirudishe.

Hayo yote nayavumilia. Kinachoniua ni shikamoo. Mtaani kwetu kuna mzee mmoja mstaarabu sana, hutoka asubuhi kunyoosha miguu, na kila siku lazima tukutane naye getini. Mwamkie babu. Sitaki. Sema shikamoo babu. Sitaki, mama! Anasema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani. Mzee wa watu anainama, anamshika kichwani na kumwitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," kwa salamu ambayo hakupewa. Mimi pale naona aibu hadi namwamkia tena mara ya pili, hii sasa kwa niaba ya ukoo. Enzi zetu ukisema sitaki, mama alikuuliza, "Umesemaje?" Swali hilo halikuwa na jibu sahihi. Ulikuwa unanyamaza na kutafuta mlango uko wapi.

Wataalamu, nao, hawanisaidii. Mwaka 1957 René Spitz, bwana mmoja wa mambo ya nafsi aliyezaliwa Vienna, alitoa kitabu kizima kuhusu hapana na ndiyo za watoto wachanga. Kwake yeye, siku mtoto anapoanza kutikisa kichwa kukataa amepiga hatua kubwa ya kiakili: amejijua kuwa ni mtu, ana lake, si kipande cha mama yake. Nimelipokea hilo kwa moyo mzito, kwani maana yake katika nyumba hii aliyepiga hatua ni yeye. Mimi nina shahada ya uhasibu na hatua yenyewe sijaifikia.

Ushahidi uko kazini. Kampuni yetu inatoa mizigo bandarini, na mimi ndiye wa mahesabu. Kodi ya mishahara lazima iwe imelipwa tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20. Tarehe hizi hazijifichi. Zimo kwenye kalenda ukutani na nimezizungushia kalamu nyekundu. Lakini bosi wangu huzigundua upya kila mwezi, tena jioni, nikiwa nimeshavaa mkoba begani. "Mama, samahani, kidakika kimoja tu." Kidakika cha bosi kina tabia ya kuzaa. Moyoni nasema: mtoto ananisubiri, dada wa kazi ananisubiri, basi halinisubiri. Mdomoni inatoka, "Sawa bosi, hakuna shida." Kisha nampigia dada: "Leo nachelewa kidogo." Naye ananijibu, "Sawa mama, hakuna shida," kwa sauti ileile niliyoitumia mimi sasa hivi. Sipendi kuifikiria sana sauti hiyo.

Msiniambie habari za sheria, naijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, za ziada ziwe kwa makubaliano, na zilipwe mara moja na nusu. Makubaliano yetu ndiyo hayo: yeye anaomba samahani, mimi narudisha mkoba chini. Sheria hiyohiyo ilinipa siku 84 za likizo ya uzazi, na mume wangu ikampa 3, ambazo alizimaliza kupokea pongezi. Na inamruhusu mama anayenyonyesha kutoka kwenda kumnyonyesha mwanawe, mpaka saa mbili kwa siku. Ni sheria nzuri kabisa. Ila aliyeiandika hakuweka kifungu cha foleni ya Ubungo.

Halafu kuna kamati. Ukiwa na kazi Dar es Salaam, wewe ni mwanakamati wa harusi za watu usiowajua. Unaamka, umeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, picha ya maharusi ipo juu, orodha ya ahadi inateremka. Siku moja nikajibu kwa adabu tu, "Nitajitahidi." Kabla sijaweka simu chini, orodha ikarudi: namba kumi na saba, jina langu, laki moja. Kujitahidi kwangu kumeshathaminiwa na mweka hazina! Na bado sendofu, na kitchen party, ambayo ni lazima uende na sufuria na sare ya kitambaa ambacho hutakivaa tena.

Kwa hiyo hapana zangu hazina pa kwenda. Kwa bosi hazitoki, kwa kamati hazitoki, kwa wakwe ndiyo usiseme. Nazibeba zote, nasimama nazo ndani ya mwendokasi mpaka Mbezi, na nikifungua tu mlango zinamwagika juu ya kichwa cha mtu mmoja mwenye urefu wa meza. Acha. Shuka. Usiguse. Hapana. Usilambe hiyo. Hapana, nimesema! Mtu huyo huyo ananisikia kwenye simu nikijibu, "Ndiyo bosi, ndiyo, sawa kabisa." Sasa mnataka ajifunze nini? Akinirudishia sitaki, ananirudishia mali yangu, pamoja na riba.

Mama mkwe ana dawa yake. Anapiga simu kutoka Tanga, anasikia kilio nyuma yangu, anasema mtoto akililia wembe mpe. Nimeutafakari sana msemo huo. Aliyeutunga, nina hakika, hakuwahi kupanga foleni hospitalini usiku na mtoto aliyejikata kidole.

Ila kwetu wembe ni simu, na jioni moja, tarehe 19, nikampa. Nilitaka nafasi ya kupika wali kwa amani. Akiwa ameishika, ikaita. Sijui nani alimfundisha kubonyeza kijani, au kuweka spika. Nikasikia sauti ya bosi sebuleni kwangu: "Mama, samahani kwa usumbufu, ile ritani unaweza kuimalizia usiku huu?"

"Sitaki."

Nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, miguu imeganda.

"Haloo? Mama?"

"Sitaki! Sitaki mimi!"

Nikasubiri radi. Yule bwana, mwenye malori yake na ofisi yenye viyoyozi vitatu, akacheka kwa nguvu. "Haya bwana mkubwa," akasema, "basi kesho." Akakata.

Basi kesho! Muda wote huu sikujua kwamba maneno hayo yamo kinywani mwa yule mtu. Asubuhi yake niliingia ofisini kwa saa za kawaida, nikaituma ritani kabla ya chai, na nchi haikuyumba.

Kwa hiyo nawatangazia ndugu, jamaa, mabosi na wanakamati wote: kuanzia saa kumi na mbili jioni, simu yangu anashika yeye. Mwenye mchango, mwenye ritani, mwenye kidakika kimoja, apige tu. Atajibiwa.