Kikinga Radi cha Ulimi

Jumapili mchana, Kagarama, wilayani Kicukiro. Ibada imekwisha. Dada mmoja, aliyelia madhabahuni mpaka leso ikalowa, anatoka na Biblia ya zipu kwapani. "Bwana asifiwe, mpendwa!" Asifiwe sana. Anasimamisha pikipiki. Dereva anataja faranga 700.

Kumbe upako huishia lami inapoanzia. "Mia saba? Mwizi wewe! Ndiyo maana utazeeka na pikipiki." Anapokea kofia ngumu kwa ncha za vidole, anainusa, anakunja uso. Simu inalia, sauti ghafla inakuwa asali: "Amani iwe nawe, mtumishi!"

Mwaka 2018 serikali ya Rwanda ilifunga makanisa zaidi ya 700 jijini Kigali. Wakaguzi walitazama usafi, usalama wa majengo, na kelele zinazowakosesha majirani usingizi. Baadaye hata vikinga radi vikawa sharti. Sheria ya mwaka huohuo ikawataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya elimu ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha elimu hiyo. Haya, vizuri. Ila hajaja fundi wa kupima kinachotoka vinywani mwa waumini baada ya amina ya mwisho. Yakobo, ambaye shahada nadhani naye hakuwa nayo, aliutengea ulimi sehemu kubwa ya sura ya 3 ya waraka wake.

Dereva hakujibu neno. Alipachika gia, akaondoka akiimba taratibu sauti ya tatu ya wimbo uliofunga ibada. Ni mwanakwaya wa ibada ya asubuhi. Jumapili ijayo wamepangiwa ya mchana.