Wakurugenzi wa Nzuguni

Kwenye orodha ya mishahara tuna mkurugenzi mmoja. Kwenye barua pepe, ofisi yetu hapa Nzuguni, karibu na viwanja vya Nanenane, ilikuwa nao tele.

Ilitosha kuwa na nywila yako. Seva ikishakupokea, sehemu ya mtumaji unajaza anwani uipendayo. Jon Postel alipoandika kanuni za SMTP, yaani za kutumiana barua pepe, mwaka 1982, watu wa mtandaoni walikuwa wachache na wengi walijuana, kuulizana "wewe nani?" kungekuwa utovu wa adabu. Ni wazi hakuwahi kufanya kazi na wenzangu.

Maonyesho yalipokaribia, mhasibu alirithi kompyuta ya katibu muhtasi, na programu ya barua pepe ikiwa bado na anwani ya mkurugenzi. Akataka kumnong'oneza rafiki yake: "Kikao cha kesho siji, nampokea shemeji stendi. Wakiuliza, naumwa tumbo." Akabonyeza kujibu wote. Kesho yake mkurugenzi alikaa ukumbini karibu peke yake, maana ofisi nzima ilikuwa inaumwa tumbo. Mzee wa masjala ndiye pekee aliyefika, na chupa ya chai ya tangawizi. "Pole, bosi. Shemeji kafika salama?"

Nikaitwa mimi, mtu wa TEHAMA. Dawa ipo: kwenye Postfix, programu ya seva yetu ya barua pepe, unaandika jedwali, kila anwani na akaunti zinazoruhusiwa kuitumia, kisha unaweka sharti liitwalo reject_sender_login_mismatch. Asiye kwenye jedwali anarudishwa na namba 553: anwani hii si yako. Sharti lenyewe hukagua bahasha tu, si barua iliyomo ndani, kwa hiyo mjanja wa kweli bado ana upenyo. Ila kwetu wajanja hatuna, tuna wenye haraka.

Jumatatu foleni mlangoni kwangu ilikuwa kama ya mnada. Katibu muhtasi alikuja amenuna: barua zote za bosi huandika yeye, na kwenye karatasi "Kny" imemtosha tangu enzi za taipureta. Dereva naye, sijui alikuwa anamwandikia nani. Hata mashine ya skana, isiyojua nywila ni nini, ilikuwa inatuma kama mkurugenzi.

Saa nne simu ikalia.

"Kijana, hiki kitu kinaniambia anwani si yangu."

"Shikamoo, bosi. Unaingia kwa akaunti gani?"

Kimya. Kumbe miaka yote ameingia kwa akaunti ya katibu muhtasi, kwa sababu nywila yake mwenyewe hakuwahi kupewa. Kwa mujibu wa seva, mkurugenzi pekee asiyetambulika alikuwa yeye.

Nikamweleza kwa heshima kwamba utaratibu ni mmoja kwa wote: anayetaka kuingizwa kwenye jedwali alete ombi la maandishi, lenye saini ya mkurugenzi. Akasema sawa, ni utaratibu mzuri. Ombi lake lilifika mezani kwangu kabla ya chakula cha mchana, limepigwa muhuri vizuri, na chini yake katibu muhtasi amesaini: Kny. Mkurugenzi.