Shoga yangu kaolewa

Shoga yangu hapa Kilwa Masoko kaolewa upya, na ndoa haimpi usingizi. Mume ana wiki sita, hana jino hata moja, na makazi yake ni Melbourne. Ni mjukuu wa kwanza wa kiume; bibi na mjukuu kwetu mnajua wanavyoitana.

Basi siku hizi bando linanunuliwa kabla ya mboga. Ikifika saa mbili usiku kanga mpya inavaliwa, wanja unapakwa, simu inaegemezwa kwenye kinu. Tunaonyeshwa feni ya darini, kisha sikio, kisha giza: kule ni saa tisa za usiku na mkwe kajichokea. "Kaniona! Kanichekea!" Gesi ile, lakini nani wa kumwambia?

Mume mwenyewe hatumi hata mia. Mwaka 1944 sarafu tano za shaba, za masultani wa Kilwa, ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na wataalamu bado wanabishana zilifikaje. Mimi sibishani: kuna bibi alimpelekea mumewe hela ya pipi.

Jana nimemkuta anafunga kifurushi. Korosho, mafuta ya nazi, pweza mkavu. Nikamwambia forodha ya kule haina utani na pweza. Akanitazama juu mpaka chini.

"Shoga, huo wivu. Wako yuko Lindi tu hapo, na simu hapigi."