Masika Haya, Tufe na Nyanya Shingoni

Mvua ya kwanza ya Machi ikishapiga bati usiku, kesho yake kila mwenye ua Dar es Salaam huamka mkulima. Nawe usibaki nyuma. Fuata mwongozo huu hatua kwa hatua, na mwezi wa tano ukiisha utakuwa na picha za kutosha kwenye simu na buti ambazo hazijaingia tope.

Anza na manunuzi. Udongo usiuguse kwanza. Nunua glovu, buti za njano na mbegu za brokoli, maana picha ya kwenye pakiti inapendeza. Nyuma ya pakiti usisome, huko wameandika hali ya hewa ambayo zao linaitaka na tarehe ya mbegu kuisha muda. Bibi yako alilima miaka yote kwa jembe moja na kopo lililotobolewa kwa msumari, lakini bibi hakuwa kwenye kundi la WhatsApp.

Mahali pa kulima pasikusumbue. Mboga zinataka jua la saa sita kwa siku au zaidi, kwa hiyo zipeleke chini ya mwembe, ambako wewe mwenyewe utapata kivuli cha kuweka kiti. Udongo wetu wa pwani ni kichanga, maji hayakai. Wanaojua huchanganya samadi iliyooza na mboji mpaka ushike unyevu. Wewe una haraka: chukua samadi ya kuku ya leo leo, ingali moto, uishindilie mashinani. Itaunguza mizizi, majani yatakauka kuanzia kingoni, nawe utapata sababu ya kwenda kugombana na aliyekuuzia mbegu.

Sasa zao lenyewe. Panda nyanya. Usikubali ushauri mwingine wowote. Masika majani hayakauki mchana wala usiku, na magonjwa ya nyanya hayajui msimu mtamu kuliko huo. Mwaga pakiti nzima kitaluni, miche ibanane, kisha mwagilia jioni hata kama mvua imenyesha mchana. Ugonjwa wa kinyausi utaikata shingoni, ilale safu kwa safu. Itakayopona ihamishe saa saba mchana, jua likiwa utosini, na usiifunge kwenye miti; matawi yatambae kwenye tope.

Halafu asubuhi moja utakuta mche uliokuwa umesimama jana umenywea wote, majani yangali kijani. Kimbilia duka la pembejeo ununue dawa ya ukungu, ya bei kubwa kuliko zote. Ukitaka ukweli, na sikulazimishi, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishike wima ndani ya glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe mzito unashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria. Umo ardhini, na ile dawa ya ukungu haiugusi. Mwenye akili hung'oa mche na udongo wake, akautupa mbali, na pale pale hapandi tena nyanya, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa. Wewe panda tena Jumamosi. Ukiponea mnyauko, yupo kantangaze, nondo aliyetufikia kutoka Amerika Kusini, ambaye viwavi wake huchimba njia ndani ya jani na kumalizia kwenye tunda.

Viungo navyo vinataka mkono wako. Giligilani ipande palipo na joto kali, itoe maua kabla hujapata majani ya kuweka kwenye kachumbari. Mnanaa usiuweke kwenye ndoo. Uachie tuta zima, utajigawia wenyewe. Mchaichai achana nao: ukiomba shina moja kwa jirani linageuka kichaka, na chai ya bure haina hadhi.

Mchicha ndio usiuguse kabisa. Unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne, hata muda wa kulalamika hupati. Kuna watu wasio na makuu ambao huchanganya zile punje nyeusi na mchanga mkavu ili zisidondoke rundo moja, wakazisia kwenye tuta lililoinuliwa, wakafunika kwa nyasi kavu ili matone ya Aprili yasizifukue na kuzipeleka mtaroni, kisha wakaondoa nyasi mara tu machipukizi yakichungulia. Watu hao wanakula mboga. Hawana simulizi.

Matembele ni aibu zaidi. Dada wa kazi alikata vikonyo, akavichomeka karibu na bomba pale maji ya vyombo yanapomwagwa, vifundo viwili vitatu vikiwa ndani ya udongo, akaenda zake. Sasa yametambaa hadi ukutani, na kila ukichuma ncha yanatoa machipukizi mapya. Usiyapige picha.

Kuhusu kuku wa jirani sina ushauri. Uzio wa matawi wanaupita, wavu wanaupita chini. Kuku mmoja mwenye vifaranga huchambua tuta zima kabla chai haijapoa, na mwenye kuku atakuuliza kwa upole kwa nini umelima njiani kwao.

Siku ya mavuno, weka nyanya zako tatu kwenye sinia kubwa, uzipige picha kwa karibu ili sinia lisionekane. Gharama usipige hesabu. Kisha toka getini, kwa sababu mama wa mboga ameshapiga hodi na beseni lake.

“Mafungu mawili ya mchicha, mama.”

“Baba Rehema, si nilisikia siku hizi unalima?”

“Nalima nyanya, mama.”

“Hongera, baba.” Anachungulia ndani ya geti. “Na yale matembele pale bombani, mnauza?”