Njama za Halali za Kumfikisha Mtoto kwa Daktari wa Meno

Sogea, mzazi mwenzangu, tupange njama. Mtoto anaogopa daktari wa meno, na dawa ya kumtuliza hatutaki. Basi woga tutauwahi kabla haujafika.

1. Mpeleke siku ambayo hakuna kinachouma. Wengi wetu husubiri gego lioze na shavu livimbe, halafu tunashangaa mtoto anakichukia kile kiti. Madaktari wa meno ya watoto hushauri aonwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Umechelewa? Mpeleke mwezi huu, asubuhi, akiwa ameshiba na amelala vizuri.

2. Chunga ulimi. Acha kabisa ile ya "ukileta utundu nitakupeleka ukachomwe sindano." Wala usimwahidi kwamba hatasikia kitu; akisikia, hatakuamini tena. Sema tu: "Daktari atahesabu meno yako."

3. Hapa ndipo penye utamu: fanyeni mazoezi nyumbani. Mlaze mapajani, shika kijiko, hesabu kwa sauti. Meno ya utoto yakitimia ni 20. Kisha lala wewe, akuhesabu yeye. Mtoto hapendi kuchunguzwa, lakini kuchunguza anakupenda mno, na akishaonja udaktari hawezi kuonekana mwoga mbele ya daktari mwenzake.

Mtafute daktari anayekwenda kwa hatua: anaeleza, anaonyesha, ndipo anatenda. Mmarekani Addelston aliiandika njia hiyo mwaka 1959, na bado ndiyo inayotegemewa. Utaitambua kwa macho: ile brashi inayozunguka huanza kwenye ukucha wa mtoto. Inamtekenya, anacheka, anaitazama tena. Baada ya hapo ndipo inaingia mdomoni.

4. Wekeni ishara. Akiinua mkono, daktari anasimama. Atauinua mapema, kwa kujaribu tu. Mwombe daktari asimame kweli. Mtoto akiona mkono wake una nguvu, huulaza mwenyewe.

5. Kama wewe ndiye unayetetemeka, mtume shangazi. Watoto husoma nyuso zetu upesi.

6. Mkitoka, mpigie bibi yake simu, mtoto akiwa anasikia, umsimulie alivyofungua mdomo mpaka kazi ikaisha. Sifa hizo zikiwa bado za moto, rudi kwenye dirisha la mapokezi ukaombe tarehe nyingine.