Kutoka Reli hadi Rilei: Hotuba Iliyotolewa Kikima na Mtaalamu Asiye na Mfano

Waheshimiwa wazee, akina mama, vijana wa boda boda mliofuata harufu ya chai, na wewe mwaitu uliyesinzia hapo mbele kabla sijafungua kinywa: kaeni mkao wa kula, elimu imeiva.

Sisi Wakamba tumejaliwa waonaji. Husimuliwa kwamba Syokimau alimwona nyoka mrefu wa chuma akitema moto miaka mingi kabla reli haijapita Ukambani. Yeye aliona reli. Mimi nimeona rilei. Herufi ni karibu zile zile, zimepangwa upya tu na mtu aliyesoma.

Tazameni simu hii. Nabonyeza. Tayari! Sasa hivi pasi yangu imewaka nyumbani, kule nyuma ya posho mill. Hamuioni? Hata Syokimau hakuwaonyesha watu reli.

Msiniulize leseni. Leseni za mafundi wa stima hutolewa na EPRA, nami sijaomba kwa sababu ningelazimika kuwafundisha watahini kwanza.

Rilei ni swichi isiyo na kidole. Ndani ya kijisanduku cha bluu, kadiri ya kiberiti kilichokatwa katikati, mna koili ya waya mwembamba kama unywele. Koili ikipata volti 5 inageuka sumaku, inavuta kiulimi cha chuma, ta! stima inapita. Mmarekani Joseph Henry alishaitengeneza mwaka 1835, lakini kuifungia shawa ya Mbooni ilibidi anisubiri mimi.

Juu yake pameandikwa 10A 250VAC. Watu waoga husoma hapo kikomo. Mimi niliisoma kama bei ya sokoni, ya kuanzia mazungumzo.

Shawa yangu ya stima ni ya wati 5,500. Gawanya kwa volti 240 za nchi hii, unapata ampea 23, ukisamehe senti. Rilei moja ni ampea 10, nikaziunga mbili ubavu kwa ubavu zikawa 20. Zile tatu zilizosalia nikamwachia Mola. Fundi mmoja wa soko hili, kijana asiyejua hata kufunga tai, akasema eti rilei mbili hazifungi kwa pamoja kamwe; inayotangulia hubeba mzigo wote peke yake, hata ikiwa ni kwa kufumba na kufumbua. Eti ni kama jeneza la kubebwa na wawili, mmoja akachelewa. Nikamwambia nikitaka falsafa nitamwita.

Sasa mnaijua jioni ya Mbooni mwezi wa Julai, ukungu umeushukia mlima na maji ya tangi yanauma meno. Nilikuwa Wote kwa shughuli za kitaalamu. Kabla ya kupanda matatu niliwasha shawa kwa simu ili nikifika nikute maji ya moto. Nilifika, nikakuta barafu. Mama watoto akaniuliza swali moja tu, na hajachoka kuliuliza mpaka leo: “Na bomba, nani alilifungua?”

Kumbe shawa ya namna ile haipashi maji yaliyolala. Hungoja maji yaisukume kutoka ndani ndipo iwake. Kwa hiyo iliningoja muda wote ule ikiwa imewashwa na haifanyi lolote, kama karani aliyetundika koti kitini. Na ili ifanye kazi, ilinibidi niingie bafuni, ninyooshe mkono, nifungue bomba, hatua mbili kutoka kwenye swichi ya ukutani. Wanaocheka huko nyuma wanyamaze.

Nikafungua. Maji yakapata joto, nikaimba. Siku ya tatu kukatoka harufu ya samaki, nasi hapa hatuna ziwa. Nilipoubandua ubao wa rilei nilikuta duara la kahawia limezunguka skrubu, plastiki ya bluu imelegea kama mshumaa wa kanisani, na ile njia ya shaba, nyembamba kuliko karatasi, imebanduka na kujikunja kama ukoko wa uji.

Fundi akaja na testa. Rilei imezimwa, simu inathibitisha, lakini testa ikawaka kwenye shawa yenyewe. Kumbe nilikata nyutro nikaiacha laivu. Kijana akasema, “Mzee, simu inakwambia imezima na stima bado iko kichwani pako.” Namjibu leo hadharani: mwanasayansi daima huacha mlango mmoja wazi.

Tuingie kwenye pampu, ambako jina langu litakumbukwa. Pampu yangu ya kisimani ni ya hospawa 1. Ikishazoea kazi huvuta ampea tano sita hivi, mzigo wa kitoto kwa rilei ya 10. Lakini mota inapoamka huvuta mara tano, mara saba ya hizo, kama mzee anayejiinua kitini, nguvu zote huisha kwenye kule kuinuka. Ncha za rilei zilipogusana pakaruka cheche, zikayeyuka kidogo, zikagandana. Zilifunga ndoa. Nilipobonyeza kuzima, simu iliandika IMEZIMWA kwa herufi kubwa. Pampu haikujua kusoma.

Ilisukuma maji usiku kucha. Tangi likafurika, sukuma wiki ya jirani ikaogelea. Saa tisa za usiku tokeni zikaisha, mita ikakata. Hapo, mabibi na mabwana, ndipo nilipovumbua kinga ya pampu inayojizima yenyewe. Gharama yake ni tokeni za mwezi mzima.

Ni haki nitaje alichofanya yule fundi, ambaye yuko pale mlangoni na chai yangu mkononi. Alileta dude linaloitwa kontakta. Akaniuliza, “Mzee, ukienda kusaga, kidole chako ndicho kinachobeba stima ya mota? Si kinabonyeza kitufe cha kijani tu, na ndani ya sanduku kitu kinalia kwa!?” Basi rilei yangu akaishusha cheo. Sasa inatumwa kwa koili ya kontakta, inayokula wati chache, na kontakta ya ampea 40 ndiyo inayobeba shawa, kwa waya wa milimita 6 za mraba uliotoka moja kwa moja kwenye bodi. Ukutani akaweka swichi inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, yenye kitaa chekundu. Pampu nayo akaipa kontakta yake na kifaa cha kuizima mota ikilemewa. Yote haya yanafanya kazi, sikatai. Lakini yamekosa heshima. Mama watoto sasa huzima shawa kwa kidole, simu yangu haiulizwi.

Ile rilei ya pampu sikuitupa. Niliigonga kwa spana mara mbili, ncha zikaachana, nikaipa kazi ya pasi. Pasi ni wati 1,000, ampea nne na kidogo. Leo ndiyo mara yake ya kwanza, nanyi ni mashahidi. Tazameni sasa nikiizima nikiwa hapa hapa jukwaani. Nabonyeza. Someni wenyewe, imeandika IMEZIMWA.

Kwa herufi kubwa.

Kijana, wewe mwenye koti la njano, sogea hapa. Karibu zaidi. Unapajua nyuma ya posho mill, mlango wa bluu? Ingia, chomoa plagi nyeupe iliyo kando ya meza, usiguse kitu kingine. Hapana, usimalize chai. Waheshimiwa, maswali tutayapokea akirudi.