Barua ya Wazi kwa Wenye USB: Mdomo Mmeupima, Shingo Je?

Kwa USB Implementers Forum,
Beaverton, Oregon,
Marekani.

YAH: MAOMBI YA KUPIMIWA SHINGO ZA NYAYA ZA CHAJA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Waombaji wanatanguliza salamu na pongezi. Tangu Jukwaa lenu liundwe mwaka 1995 limefanya kazi iliyozishinda serikali nyingi: kuyaweka meza moja makampuni yanayowindana sokoni na kuyafanya yakubaliane juu ya umbo la tundu. Agosti 2014 mkatoa maelezo ya USB-C, pini isiyo na juu wala chini, na walioteswa na ile ya zamani, ya kugeuza mara tatu ndipo iingie, wakashusha pumzi. Ajay Bhatt, mhandisi aliyeongoza kazi ya USB pale Intel, amekwisha kueleza kwamba pini ya kuingia pande zote iliwezekana tangu mwanzo, ila ingeongeza nyaya na gharama. Kumbe karibu miaka ishirini ya kupapasa nyuma ya kompyuta gizani ilikuwa ni kubana matumizi tu. Hayo yamepita, na waombaji wamesamehe.

Barua hii haihusu mdomo wa waya. Inahusu shingo.

Shingo, kwa faida ya wajumbe ambao huenda hawajawahi kuchaji kompyuta wakiwa kitandani, ni ile sehemu fupi, sentimita mbili hivi, waya unapotokeza kwenye pini. Hapo ndipo ganda linapoanza kufanya mikunjo kama shingo ya kobe, kisha linapasuka, kisha shaba inachungulia nje. Anayeingia kwenye bweni la chuo jijini Dar es Salaam wakati wa mitihani ataona mambo: kompyuta imeinuliwa juu ya daftari, waya umebanwa chini ya sahani, pini imeegemezwa kwenye kiberiti, na mwenye mali ananong'ona kana kwamba ndani mna mgonjwa mahututi. "Usiguse hapo. Imekubali."

Tiba nazo zipo, na zina ngazi zake. Ya kwanza ni tepu nyeusi, ambayo baada ya siku chache za joto la Dar huteleza na kuacha gundi inayonata vidoleni. Ya pili ni springi ya kalamu, inayozungushwa shingoni kama shanga ili waya usikunjike kwa ghafla. Hii ni kazi ya kihandisi kabisa, maana ndiyo kazi iliyopaswa kufanywa na ile kola ya mpira aliyoiweka mtengenezaji kwa ajili ya kupendeza. Ya tatu ni fundi. Fundi hukata kipande kilichooza, hubandua ganda kwa meno au kwa wembe, hupiga solda, hufunga, na kukurudishia waya ukiwa mfupi kuliko ulivyoupeleka. Baada ya safari tatu au nne mtu anajikuta amekaa sakafuni kando ya soketi, kwa sababu waya haufiki tena mezani.

Sasa twende kwenye karatasi zenu. Maelezo ya USB-C yanataka pini ichomekwe na kuchomolewa mara 10,000 bila kuharibika. Ni kiwango cha heshima. Mtu anayechomeka na kuchomoa mara nne kwa siku atahitaji siku 2,500, yaani karibu miaka saba, kuimaliza hesabu hiyo. Mdomo, kwa kifupi, umehakikishiwa maisha marefu kuliko kompyuta yenyewe.

Lakini karatasi zilezile zina mtihani mwingine, wa kukunja. Humo waya hukunjwa mara 100 upande mmoja na mara 100 upande wa pili.

Mia.

Yule mtu wa mara nne kwa siku, kama kila achomekapo waya unakunjika mara moja tu, anafika mia siku ya ishirini na tano. Mshahara haujatoka, mtihani wa shingo umeshakwisha! Ni haki kusema kwamba mia ni alama ya chini ya kufaulu, si tarehe ya kufa, na zipo kampuni zinazojigamba kwenye boksi kwamba waya wao unakunjwa mara maelfu. Waombaji hawabishi. Wanauliza tu ni kikao gani kilichoamua kwamba mdomo uapishwe mara elfu kumi na shingo iapishwe mara mia, na kama mjumbe yeyote siku hiyo alinyoosha mkono.

Upo pia mtihani wa kuvutwa: nguvu ya nyutoni 40, kwa dakika moja. Hiyo ni kama kuning'iniza kilo nne za sukari kwenye waya na kusubiri. Vizuri. Ila waya wa chaja hauuawi na sukari. Unauawa na kukunjwa kidogo kidogo, mahali palepale, kila siku. Ndani ya ganda mna nyuzi nyembamba za shaba, na shaba ikikunjwa mahali pamoja tena na tena huwa ngumu, na ikishakuwa ngumu hukatika. Uzi mmoja ukienda, mzigo wake unabebwa na wenzake. Nyuzi zikibaki nusu, kila mmoja unabeba mkondo mara mbili na kutoa joto mara nne. Ndiyo maana shingo iliyoanza kuharibika huwa ya moto ukiishika, na ndiyo maana ganda hubadilika rangi kabla ya kutoa ile harufu ambayo kila mpangaji anaijua. Mwaka 2021 mliongeza umeme unaoruhusiwa kupita humo kutoka wati 100 hadi 240, na volti kutoka 20 hadi 48. Kwa anayefunga waya wake kwa tepu nyeusi, habari hiyo haikupokelewa kwa vigelegele.

Pengine kosa limetokana na lugha. Kwa Kiswahili kifaa hiki kinaitwa kompyuta mpakato, na kupakata ni kile anachofanya mama kwa mtoto: kumweka mapajani. Jina linakiri kitu kitakachotokea. Kitapakatwa kwenye kochi, mkekani, kwenye kiti cha basi, tumboni mwa mtu aliyelala chali akiangalia filamu, na pini ikiwa ubavuni itabanwa na paja hadi ikunjike pembe mraba. Maabara inayopima waya ukiwa mezani inapima kompyuta ya mezani.

Waombaji nao si malaika. Wanazungusha waya kwenye adapta na kuukaza kama wanafunga mzigo wa kuni. Wanachomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika kichwa. Wanaacha mtoto auendeshe kama gari. Yote hayo ni kweli na wamekemewa vya kutosha na mafundi, ambao wanawakemea huku wakipokea fedha.

Hata hivyo, tatizo la shingo ni la zamani kuliko USB-C, na mafunzo yalikuwepo kwa aliyetaka kuyasoma. Katika chaja za Dell zenye pini ya duara ulikuwemo waya mwembamba ambao kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa kompyuta. Ukikatika huo tu, kompyuta inawaka kama kawaida lakini inagoma kujaza betri, kwa maelezo kwamba haimtambui mleta umeme. Watu wengi wamenunua betri mpya kwa ugonjwa wa waya. Apple nao, Januari 2006, walileta MagSafe, pini ya sumaku inayojiachia mtu akijikwaa kwenye waya. Kompyuta zikaacha kuanguka, shingo zikaendelea kuchanika. Wateja wa Marekani walikwenda mahakamani, na mwaka 2011, ingawa ilikana madai, kampuni ilikubali kuwarejeshea walionunua chaja nyingine hadi dola 79, kutegemea ya kwanza iliharibika baada ya muda gani. MagSafe iliporudi mwaka 2021, waya wake ulikuwa umesukwa kwa nyuzi na unachomoka kwenye adapta. Ilichukua miaka kumi na mitano kufikia mahali ambapo pasi ya umeme ilikuwa siku zote, kwani waya wa pasi umesukwa tangu enzi za bibi zetu.

Huenda mtasema Jukwaa huandika kanuni tu, na wanaovunja kanuni ni wengine. Hilo nalo lina historia. Mwaka 2015 mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kwa hiari yake kununua nyaya za USB-C zinazouzwa Amazon na kuzipima moja moja. Nyingi zilikuwa na kosa lilelile la kipingamkondo kisichofaa, ambalo huweza kuifanya simu idai umeme mwingi kuliko chanzo kinavyomudu. Februari 2016 alikutana na waya uliounganishwa kinyume ndani, ukaiua kompyuta aliyokuwa akipimia. Mwezi uliofuata Amazon ikapiga marufuku nyaya za USB-C zisizofuata maelezo yenu. Mtu mmoja, na mita yake, alilisogeza soko. Jukwaa lina makampuni mangapi?

Waombaji walifikiria kupeleka kilio hiki kwa wakubwa wengine. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ulipitisha mwaka 2022 sheria ya chaja moja. Simu na vishikwambi viliingia tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato zilipangiwa tarehe 28 Aprili 2026. Ni sheria nzuri, na manufaa yake hayaishii Ulaya, maana kiwanda hakitengenezi tundu moja la Brussels na jingine la Kariakoo. Lakini ukiifungua kutafuta tundu lenyewe linapaswa kuwaje, inakuelekeza kwenye kiwango EN IEC 62680-1-3. Na kiwango hicho ni nini? Ni maelezo yenu ya USB-C, yaleyale, yakiwa yamevaa koti la tume ya kimataifa ya viwango vya umeme. Kwa hiyo aliyekwenda Brussels amerudishwa Beaverton, kama mtu aliyeambiwa na ofisi ya pili arudi dirisha la kwanza. Ndiyo sababu ya barua hii kuja kwenu moja kwa moja.

Uzito wa jambo si wa mwanafunzi na kiberiti chake tu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nyaya ni sehemu ndogo ya lundo hilo. Lakini pale waya ulipogandishwa kwenye adapta, sentimita mbili za shingo huondoka na adapta nzima yenye afya, transfoma yake, shaba yake na yote. Ni sawa na kuchinja ng'ombe kwa sababu kamba imekatika.

Kwa hiyo waombaji wanaomba, kwa unyenyekevu wote, shingo ipandishwe cheo ilingane na mdomo: mikunjo elfu kumi, ikipimwa pini ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta iliyopakatwa. Tayari mnawataka watengenezaji waandike kwenye waya kama ni wa wati 60 au 240. Nafasi ya kuandika namba nyingine haikosekani, na mnunuzi aone idadi ya mikunjo kabla hajatoa fedha, kama anavyoona tarehe kwenye pakiti ya maziwa. Adapta yoyote yenye waya usiochomoka isipewe nembo yenu. Na mkiunda kamati ya kusimamia haya, mwekeni humo fundi mmoja wa pale Kariakoo. Hahitaji kusoma maelezo. Mpeni waya, ataukunja mara mbili karibu na sikio, atasikiliza, na atawaambia una miezi mingapi.

Waombaji wanatumaini ombi hili litapewa uzito unaostahili.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wapakataji.

Nakala:
Tume ya Ulaya, Brussels – kwa taarifa.
Fundi wa kona – kwa utekelezaji.